Wote Wametoa

Nilifundisha uhasibu wa menejimenti kwa sababu dada yangu hawezi kunyamaza. Yeye ni muuguzi hospitalini Kilindoni, hapa kisiwani, na mimi nilikuwa nimekuja kukaa kwake kwa muda baada ya kumaliza chuo. Maana yake ni kwamba mimi sikuwa na kazi na yeye alikuwa na chumba cha ziada. Siku moja alirudi kutoka zamu akaniambia amenipatia shughuli. Kuna dada mmoja wa kiwanda cha barafu, ana mtihani wa bodi ya uhasibu, limebaki somo moja tu na limeshamshinda mara mbili. Na yeye, muuguzi, amemwambia asiwe na wasiwasi, mdogo wake amelisoma somo hilo hilo chuoni na kupata A.

Kwamba nilipata A ilikuwa kweli. Kwamba sikulielewa somo ilikuwa kweli pia, lakini hilo dada yangu hakulijua, na chuo hakikuliuliza. Niligundua mapema kwamba maswali yanajirudia, nikashika hatua zake kama mtu anavyoshika namba ya siri ya simu yake: haina haja ya kuwa na maana, inachotakiwa ni ifungue.

Kiwanda chenyewe ni nyumba moja ndefu ya mabati karibu na ufuko, inayotengeneza barafu ya kuhifadhia samaki. Wenyewe wako Dar es Salaam. Yule dada, mzaliwa wa Miburani, alianza kazi pale dirishani, akiwa amevaa buti za mpira, akiwapimia barafu wavuvi wa Bwejuu na wale wa makambi ya msimu. Mhasibu wa zamani alipoondoka, akaambiwa akaimu. Alikaimu mpaka watu wakasahau kwamba anakaimu. Alifanya kila kazi ya mhasibu isipokuwa kuitwa mhasibu. Halafu bosi akampigia simu na kumwambia maneno ambayo yule dada aliyarudia kwangu siku ya kwanza tu tulipokutana, bila kuongeza wala kupunguza: pasi hili somo lililobaki nikuthibitishe, ukishindwa mara ya tatu nakuletea mhasibu kutoka huku, wewe utarudi dirishani.

"Na mie dirishani sirudi," alisema. "Si kwa ajili ya baridi. Nshawazoea kuniita mhasibu."

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa bara, wa nyanda za juu, aliyekuwa akifundisha masomo ya biashara na amechoka na chaki. Alijiandikisha kwenye mtihani huo huo akitumaini kwamba siku moja atafanya kazi ambayo watu hawamnyooshei mkono kabla ya kusema. Alikuwa na maswali ya miaka iliyopita kwenye mfuko wa nailoni, na aliyabeba kwa adabu kama mtu aliyebeba dawa za mgonjwa. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita Msomi, na yule wa kiwandani sote tulimwita Dada. Jina langu hilo lilinifurahisha kwa wiki moja hivi, mpaka nilipoanza kuisikiliza sauti aliyokuwa akilitamkia.

Tulikutana Jumapili mchana, Mwalimu akiwa ametoka kanisani, Dada akiwa ameshaswali adhuhuri. Ofisi ya kiwanda ilikuwa na kiyoyozi. Bosi alikuwa amesema kompyuta haitakiwi kupata joto. Kuhusu binadamu hakusema kitu. Nyuma ya ukuta mashine ya barafu ilinguruma bila kupumzika, na kila mara vipande viliporomoka ndani ya tangi kwa kishindo, sisi tukanyamaza kidogo, kisha tukaendelea.

Mtihani ni wa Kiingereza. Sisi tulizungumza Kiswahili, kwa sababu tulitaka kuelewa. Nililiuliza jambo hilo siku ya kwanza: kwa nini mtu aelewe kwa lugha moja na apimwe kwa nyingine, na ni nani hasa anayefaidika? Mwalimu alisema ni swali zuri sana na halimo kwenye mtihani. Akafungua karatasi.

"Tuanze na hapa," alisema. "Bei ya kuuzia, toa gharama zinazobadilika. Kinachobaki kinaitwa mchango."

"Mchango wa nani kwa nani?" Dada aliuliza.

"Wa bidhaa."

"Bidhaa inamchangia nani?"

Mwalimu akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa na A.

"Ndivyo inavyoitwa," nilisema.

"Mie hata mbuzi wangu wana majina, na kila jina lina sababu," Dada alisema. "Hili lenu halina?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika, si kwa ajili yake. Nilijiona mtu wa kuhoji kila kitu. Nilihoji serikali, nilihoji dini zote mbili za kisiwa hiki mbele ya wenye nazo, nilihoji hata namna dada yangu anavyopika maharage. Lakini hilo neno nililiandika mara mia chuoni na sikuwahi kuliuliza linafanya nini pale. Nikatafuta kwenye vitabu. Vitabu vilisema mchango ni bei ukitoa gharama zinazobadilika.

Jumapili zikapita namna hiyo. Dada alijua kanuni zote, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wetu kwenye kikokotoo. Tatizo lilikuwa kwamba kila alipofika kwenye neno lile alisimama, kama mtu aliyefika kwenye mlango wa nyumba asiyoijua, na akishasimama alichagua kanuni kwa kubahatisha.

Wakati huo huo mdogo wake wa kiume alikuwa anaoa, na Dada alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Zamani Miburani harusi ilikuwa ni jirani kuja na nazi zake, mwingine na mchele, mwingine na mikono yake ya kukuna hizo nazi. Siku hizi kuna mwenyekiti, katibu, kadi zilizochapishwa zenye maua pembeni, na kundi la WhatsApp. Kundini huingii, unaingizwa. Mwalimu na mimi tuliingizwa Jumapili moja tukiwa tumekaa mbele yake, simu zetu zikalia kwa pamoja, na yeye hakuinua hata macho. Hakuna anayekataa mchango wa harusi. Anayetaka kukataa anaandika "naahidi", na kundi zima linamshukuru. Mwalimu aliandika "naahidi" pale pale, na alama ya mikono iliyokutana.

Jumapili iliyofuata simu ya Dada haikunyamaza. Alikuwa akijibu swali huku akijibu kamati, na alikuwa akikosea kote kuwili. Mwishoni Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Dada, hebu niambie. Hiyo kamati yenu, hata asije mtu hata mmoja, kuna kitu mnalipa?"

"Turubai. Viti. Mpishi, muziki. Hao hawajui nani kaja na nani hakuja."

"Hizo ndizo gharama za kudumu. Sasa mtu mmoja akija, amekula nini?"

"Sahani ya pilau na soda. Wengine soda mbili."

"Basi. Kile alichotoa, toa pilau yake, toa soda yake. Kilichobaki kinakwenda wapi?"

Barafu iliporomoka nyuma ya ukuta. Dada alisubiri ikaisha.

"Kinakwenda kulipia turubai."

"Hicho ndicho mchango."

Alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akaitazama simu yake. "Kwa hiyo anachotoa mtu si mchango," alisema polepole. "Mchango ni kinachobaki baada ya tumbo lake."

"Ndiyo."

"Na turubai likishalipika, anayekuja baada ya hapo ni faida tupu."

"Ukitoa pilau yake."

"Nikitoa pilau yake. Haya maneno mie nawaambia wajumbe kila siku, hawanielewi. Kumbe wenzao wanayasomea."

Sijawahi kuona mtu anaelewa kitu kwa haraka namna ile. Wiki mbili baadaye alikuwa akimaliza maswali ambayo mimi na A yangu tulikuwa bado tunayasoma. Kila bidhaa kwenye kila swali iligeuka mgeni wa harusi: viatu vilikula pilau, matairi yalikunywa soda, na kiwanda kizima kilikaa chini ya turubai kikisubiri kulilipia. Mwalimu alitembea kwa madaha. Mimi pia, ingawa sikuwa nimefanya kitu.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani, Mwalimu akatunga jaribio. Swali la kwanza lilikuwa la kampuni inayotengeneza ndoo za plastiki: iuze ndoo ngapi ili isipate faida wala hasara? Jibu lilikuwa ndoo elfu nne. Dada aliandika elfu tano, akapiga mistari miwili chini yake kwa rula.

Mwalimu alipitia hesabu yake mara mbili. Kuzidisha kulikuwa sawa, kugawanya kulikuwa sawa. Kisha akaona: kabla ya kugawanya, alikuwa amepunguza moja ya tano ya mchango wa kila ndoo.

"Hii umeitoa wapi?"

"Hao ni wanaoahidi."

"Wanaoahidi nini?"

"Mwalimu, watu mia wakisema watatoa, wanaotoa ni themanini. Kamati isiyojua hilo inaaibika siku ya shughuli, mpishi kasimama na mwiko. Lazima uwapunguze mapema."

"Hizi ni ndoo, Dada."

"Na ndoo si zinanunuliwa na watu? Watu wa Bwejuu wanachukua barafu hapa leo, wanalipa wakijaaliwa samaki. Wa makambini msimu ukiisha wanaondoka, tunabaki kuulizana wametokea wilaya gani. Huyo wa ndoo kapata wapi wateja wa kulipa wote?"

"Swali halijasema kuna asiyelipa."

"Halijasema kwa sababu wanaona aibu. Hata weye, Mwalimu, ya harusi hujatoa."

Mwalimu alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Alisema mshahara ulichelewa. Dada alisema hajasema kitu, yeye anafundishwa tu.

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimefurahi mno. Kwa mara ya kwanza katika somo lile mtu alikuwa amesema jambo lenye akili, tena mtu aliyefeli mara mbili, na lilikuwa linavunja kitabu kizima. Nikasema Dada ana haki. Nikasema kitabu kinadhani kila kinachotengenezwa kinauzwa na kila kinachouzwa kinalipwa, na kwamba dhana hiyo imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti. Nikaenda mbali zaidi, nikasema hata hiyo moja ya tano Dada amewapendelea, kwa sababu ndoo ya asiyelipa nayo ilikula plastiki: inatakiwa ipunguzwe moja ya tano ya bei nzima, si ya mchango peke yake.

"Kweli," Dada alisema, akachukua kalamu. "Pilau kashakula."

"Weka kalamu," Mwalimu alisema. Sikuwahi kumsikia na sauti ile. Nadhani ndiyo ya darasani. "Msomi, unamharibia."

"Namharibia kwa kusema kweli?"

"Anayesahihisha hana muda wa kweli yako. Ana rundo la karatasi na mwongozo wa majibu. Mwongozo unasema elfu nne. Wewe ukikosea hapa unarudi kwa dada yako kula. Huyu anarudi dirishani."

Sikuwa na la kujibu, kwa hiyo nilijibu kwa urefu. Nilizungumza habari za elimu inayoogopa maisha, na za mtihani unaomfundisha mtu asahau anachokijua. Mengine yalikuwa mazuri, bado nayakubali mpaka leo. Mwalimu akajibu kwamba yeye amesahihisha mitihani ya taifa na anajua inavyokuwa mchana wa siku ya nne, macho yanauma na chai imepoa: mtu akiona jibu ambalo haliko kwenye mwongozo anapiga mkasi na kufungua karatasi nyingine, hata kama limeandikwa na malaika. Tulibishana mpaka barafu ikaporomoka mara mbili na hatukunyamaza.

Dada alikuwa ametusikiliza mikono imekunjwa. Alipoona tumechoka, akasema, "Nyote wawili mna kazi ya kupenda kushinda. Mie nina mtihani. Nipeni huo uongo wenu, niuandike vizuri."

Basi tukaanza kazi ya kumwondolea alichokielewa. Ilikuwa ngumu kuliko kumwelewesha. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ile moja ya tano; alikuwa anaipunguza bila kujua, kama mtu anayekwepa shimo la barabarani ambalo limeshafukiwa. Mwalimu ndiye aliyepata dawa. Kabla ya kila swali alisema, kama padri, "Wote wametoa." Na Dada alitakiwa kuitikia ndipo aanze kuandika. Yeye aliitikia, "Alhamdulillahi," na uso wake ulionyesha wazi kwamba haamini hata kidogo.

"Wote wametoa."

"Alhamdulillahi. Huo mji uko wapi, Mwalimu? Nihamie."

"Andika."

Kazi yangu ilikuwa kuyageuza yale majibu kuwa Kiingereza kile cha mitihani, ambacho hakuna mtu duniani anakizungumza. Nilimwandikia sentensi moja ya kuanzia kila jibu, inayosema tunachukulia kwamba kila kilichozalishwa kimeuzwa na kila kilichouzwa kimelipwa. Aliishika kwa moyo kwa siku mbili. Aliniuliza sentensi hiyo kwa Kiswahili ingekuwaje, nikamwambia. Akacheka mpaka akatoa kitambaa, kisha akasema bora ibaki kwa Kiingereza, kwa Kiswahili ataona haya.

Harusi ilifanyika wiki tatu kabla ya mtihani. Turubai lililipika. Wajumbe kadhaa walioahidi walikuja na ahadi zao, wakala vizuri. Mwalimu alitoa asubuhi ya siku yenyewe, akaleta mwenyewe mkononi, na Dada akampokea kwa heshima zote kama mgeni rasmi.

Dada na Mwalimu walivuka bahari pamoja kwenda Nyamisati na kupanda basi la Dar es Salaam. Mimi nilibaki, kwa sababu mimi sikuwa na mtihani. Nilikuwa na A. Nilishangaa kuona jinsi nilivyokosa usingizi. Niliangalia simu siku nzima ya mtihani, na jioni Dada akanitumia ujumbe mmoja tu: "Walitoa wote." Mwalimu hakutuma kitu.

Matokeo yalitoka mwaka mpya ulipokwishaanza kuzoeleka. Nilikuwa kiwandani nimefuata barafu ya dada yangu, kwa sababu friji ya nyumbani ilikuwa imekufa. Dada alikuwa dirishani. Msichana wa dirishani alikuwa anaumwa. Alipimia boti mbili, akanipimia na mimi, ndipo akanigeuzia simu yake. Amepasi. Hakuwa amepasi sana, lakini hakuna mtu anayeuliza. Nilimpa mkono, akasema mkono wake una maji, akanipa hivyo hivyo.

Bosi alipiga simu kumpongeza siku ile ile. Alimthibitisha. Kuhusu mshahara alisema watazungumza, na mpaka naandika haya bado hawajazungumza: cheo kimethibitishwa, mshahara unakaimu.

Mwalimu alifeli. Hilo hatukulitegemea, yeye kuliko sisi sote. Nilimkuta nje ya uwanja wa shule, ameshika daftari za wanafunzi kifuani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usinipe pole, nimeshapewa nyingi."

Tukatembea kidogo. Kisha akasema bila kunitazama, "Niliandika lile lako."

"Lipi?"

"La wasiolipa. Palikuwa na swali la kwanza la kuhesabu, nikaanza, nikafika kwenye mchango, nikajiuliza hawa watu wamepatikana wapi. Nikaandika kurasa tatu. Nikapunguza bei nzima, si mchango peke yake, kama ulivyosema. Ilikuwa safi sana, Msomi. Muda ukaisha nikiwa nimejibu maswali mawili."

Najua ningetakiwa kuona vibaya, na niliona. Lakini kuna sehemu nyingine ya moyo wangu iliyotaka kumwomba anisomee hizo kurasa tatu. Sikumwomba. Nilimuuliza kama atarudia mtihani, akasema Dada ameshampangia, ofisi ile ile, Jumapili.

Kwa hiyo Jumapili nikaenda. Nilichukua vitabu vyangu na chapati za dada yangu. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha mhasibu, kile chenye magurudumu, ambacho zamani hakuwa akikikalia kama kuna wageni. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza, kalamu mkononi, mgongo umenyooka kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Nilivuta kiti.

"Msomi," Dada alisema, "weye njoo saa kumi."

"Saa kumi si mnakuwa mmemaliza?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini nije mkiwa mmemaliza?"

"Umeona?" alimwambia Mwalimu. "Hajakaa hata kwenye kiti." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, upole wa mtu mwenye mamlaka. "Mdogo wangu, huyu ana mtihani. Chapati ziache."

Nilimtazama Mwalimu anitetee. Alikuwa anaangalia karatasi yake kwa bidii.

Nikatoka, nikakaa kwenye kreti tupu chini ya dirisha la ofisi, ambapo hewa ya moto ya kiyoyozi inatokea. Sauti zao zilipita kiooni vizuri tu. Mwalimu alisoma swali kwa Kiingereza. Kisha nikamsikia akisema polepole, kwa sauti niliyoifahamu kwa sababu ilikuwa yangu, "Lakini Dada, hivi kwa nini wanadhani..."

"Andika," Dada alisema.